Kuvua besi kwa mtumbwi katika mto Current, Missouri, mwezi wa Oktoba: naomba ushauri

Mwana wa Visiwani (St. Louis)

Wakubwa, shikamooni, na wenzangu, habari za siku nyingi. Mzee wangu, ambaye amevua sangara na sato katika Ziwa Viktoria tangu ujana wake, yuko hapa kwetu kwa matembezi mpaka Novemba, na ameniomba jambo moja tu: kwamba kabla hajarudi Ukerewe nimpeleke akavue kwa mshipi kwenye maji yanayotembea. Nimeamua kumpeleka mto Current, kusini mwa Missouri, wiki ya tatu ya Oktoba, wakati majani yamebadilika rangi na yale makundi makubwa ya watu wa majira ya joto yameshaondoka mtoni. Tutakuwa watatu, yaani yeye, mimi, na binti yangu wa miaka 9.

Mpango wangu ni kukodi mtumbwi mmoja, kuingia majini Round Spring asubuhi na kutokea Two Rivers jioni ya siku hiyo hiyo, huku wakodishaji wakitusogezea gari. Tunayemtaka ni besi mdomo mdogo (smallmouth bass), samaki wa mitoni wa huku. Besi mdomo mpana nimeshamvua sana kwenye mabwawa ya karibu na mji, lakini mto wenye mkondo ni jambo geni kwangu. Naomba kujua samaki hawa hukaa wapi maji yanapoanza kupoa, chambo gani kinafaa, na kama umbali huo unafaa kwa watu wanaotaka kuvua na si kupita tu. Pia ningependa kujua kama tunaruhusiwa kula tutakaowapata, maana mzee ni mtu ambaye maisha yake yote samaki aliyeingia mtumbwini alikuwa chakula cha nyumbani au fedha ya ada ya shule.

Kafi na Mshipi (Columbia, Missouri)

Ndugu yangu, mfikishie mzee shikamoo yangu. Naanza na umbali, kwa sababu huo ndio utakaoamua kama mtavua au mtapiga makafi tu. Kutoka Round Spring hadi Two Rivers ni maili 17 au 18. Anayefuata mkondo bila kusimama anazimaliza kwa mchana mmoja, lakini anayevua kwa makini huenda kama maili moja kwa saa, na katikati ya Oktoba jua huchomoza baada ya saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni. Tena bonde lenyewe lina majabali marefu, kwa hiyo kivuli na baridi huwahi kufika kabla jua halijazama. Mkishika njia hiyo mtapita juu ya samaki wazuri mkiwa na haraka ya kufika, na mimi sioni faida ya safari ya namna hiyo kwa mzee aliyetoka mbali.

Ningewashauri muingie Two Rivers na kutokea Powder Mill, ambako ni maili 7 au 8. Hapo Two Rivers ndipo mto Jacks Fork unapoingia Current, hivyo maji huwa ya kutosha hata baada ya Septemba kavu, wakati ambapo sehemu za juu za Jacks Fork mitumbwi hukwaruza mawe na watu hulazimika kushuka na kuivuta. Boti za injini hupita sehemu hiyo, ila siku za kazi mwezi wa Oktoba boti hizo huwa chache. Mito hii miwili imo katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa na Bunge la Marekani mwaka 1964, na wakodishaji wa mitumbwi wanaofanya kazi humo wana vibali vya hifadhi. Ulizia hilo kabla hujalipa.

Sasa nije kwa samaki mwenyewe. Besi mdomo mdogo huongozwa na joto la maji kuliko kitu kingine chochote. Katika majira ya joto hutawanyika kwenye maji ya kasi na pembeni mwake. Maji yakishuka chini ya nyuzi 15 hivi za Selsiasi huanza kula kwa bidii akijiandaa kwa baridi, huku akisogea taratibu kuelekea vilindini; yakishuka chini ya nyuzi 10 hukusanyika kwenye vilindi vichache na kuwa mzito, na hapo chambo hakina budi kupita karibu kabisa na mdomo wake. Kwa kawaida wiki uliyoitaja iko kati ya hali hizo mbili, ndiyo maana naipenda kuliko wiki nyingine yoyote ya mwaka. Beba kipimajoto kilichofungwa uzi, upime maji kabla ya kuchagua chambo.

Mahali pa kutafuta ni pale maji ya kasi yanapomwagikia kwenye kilindi. Utauona mteremko wa changarawe ukizama, na rangi ya maji ikigeuka kutoka kijani chepesi hadi kijani kizito, mara nyingi upande wenye jabali au magogo yaliyozama. Msivue mkiwa mnapita. Egesheni mtumbwi upande wa juu wa kilindi, pandeni kwenye fungu la changarawe, na mvue kwa miguu kwa utulivu, kwani maji ya mto huu katika mapukutiko ni maangavu mno na samaki humwona mtu aliyesimama wima akiwa bado mbali.

Kuhusu vifaa, mshipi wa ratili 6 au 8 unatosha. Chambo changu cha kwanza ni kile cha mpira chenye umbo la bomba na mikia mingi, kijani cha matope au kahawia, kikiwa kimevikwa kwenye ndoano yenye risasi ya moja ya nane ya aunsi. Kinaiga kamba wa mtoni mwenye magando, ambaye ndiye chakula kikuu cha besi hawa. Kirushe juu ya kilindi, ukiache kizame, kisha ukivute kidogo kidogo juu ya mawe. Usitegemee kusikia mkono ukishtuka, kwani mara nyingi utaona mshipi ukihama pembeni tu, kama mtu anayeuvuta kwa kidole, na hapo ndipo pa kukaza. Akishanaswa huruka nje ya maji, mwili wake wa rangi ya shaba ukiwa na michirizi ya wima na jicho jekundu, na mzee atafahamu mara moja kwamba hajapata kushika samaki mwenye nguvu ya namna hiyo kwa uzito ule.

Jambo moja watu hawalitaji vya kutosha: msiamke alfajiri kwa mazoea ya ziwani. Usiku wa Oktoba hupoza maji, na samaki huchangamka zaidi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, jua likishapasha changarawe joto.

Bi. Mtoni (Kansas City)

Ndugu Kafi na Mshipi amelieleza vizuri suala la samaki, nami naomba niseme kuhusu watu, hasa huyo mtoto na mzee. Watu wazima wawili na mtoto, pamoja na fito za kuvulia, sanduku la chakula na nguo, ni mzigo usiofaa katika mtumbwi mmoja wa kukodi, kwa sababu mtu akiinuka kidogo kurusha mshipi huku mwingine akiinama upande ule ule, mtapinduka. Kodini mitumbwi miwili, au boti pana la kujaza upepo, ambalo ni zito kuliendesha lakini halipinduki kirahisi. Mzee ni mtu wa maji, hilo naliheshimu, ila mtumbwi wa Ukerewe na huu mwembamba wa alumini havifanani tabia, na ni vyema aujaribu kwanza kwenye maji yaliyotulia pale mnapoingilia.

Sheria ya Missouri inalazimisha mtoto chini ya miaka 7 avae jaketi okozi akiwa ndani ya chombo. Binti yako amekwisha kuvuka umri huo, lakini nakuomba sana mvae wote watatu, tena mlifunge, si kulikalia. Mto huu unalishwa na chemchemi ambazo maji yake ni kama nyuzi 14 mwaka mzima. Mtu akitumbukia mwezi wa Oktoba, pumzi hukatika ghafla na mikono hupoteza nguvu upesi, hata kama anajua kuogelea. Chukueni nguo kamili za kubadilisha kwa kila mmoja, za sufu au za kitambaa kisichonywa maji, mzifunge ndani ya mfuko usiopenyeza maji, na muufunge mfuko huo kwenye mtumbwi. Suruali ya jinzi iacheni nyumbani.

Hatari kubwa zaidi kwa maoni yangu ni miti iliyoangukia mtoni kwenye kona. Maji hupita katikati ya matawi, lakini mtu na mtumbwi hubaki wamebanwa humo. Anzeni kupiga makafi kuelekea upande wa ndani wa kona mapema, kabla mkondo haujawachukua, na kama kona haionekani vizuri, shukeni kwenye changarawe mkaitazame kwa miguu. Mkikosea na mtumbwi ukaegemea mti, inameni kuelekea kwenye mti huo, kamwe si kinyume chake, kwa sababu ukingo wa upande wa juu ukizama maji huingia na mtumbwi hulala hapo hapo.

Chupa za kioo haziruhusiwi mtoni, kwa hiyo chai ya mzee iwe kwenye themosi ya chuma. Kama mna wazo la kulala kwenye fungu la changarawe, angalieni kwanza vipimo vya kina cha maji ambavyo USGS, idara ya Marekani ya kupima ardhi na maji, huviweka kwenye mtandao kwa vituo vya mto huu, pamoja na utabiri wa mvua upande wa juu, kwani mvua ikinyesha mbali, mto unaweza kupanda usiku mkiwa mmelala chini ya anga lenye nyota. Mafuriko ya Aprili 2017 yalivunja rekodi pale Van Buren, mji ulio kando ya mto huu, na wenyeji bado wanayazungumzia.

Jirani wa Ziwa (Naivasha)

Nimefurahi kusoma haya nikiwa huku, kwa kuwa besi mdomo mpana ninayemwona sokoni kwetu ni mgeni kutoka Marekani aliyeletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929, na yule kamba mwekundu mwenye magando, ambaye asili yake pia ni Marekani, aliletwa mwaka 1970. Kwetu nao wamekuwa mla na mliwa, sawa na huko kwao.

Kwa ajili ya mzee, namna rahisi ya kuwatofautisha besi hao wawili ni kutazama mwisho wa taya. Kwa mdomo mpana taya hupita nyuma ya jicho, na kwa mdomo mdogo huishia usawa wa jicho. Mdomo mpana ana mstari mweusi unaokwenda ubavuni kwa urefu, ilhali mwenzake ana michirizi ya wima. Tofauti hii si ya kujifurahisha tu, kwani katika sehemu nyingine kanuni za kila mmoja ni tofauti.

Kuhusu kula, mzee aliyeishi ziwani ataelewa kuliko unavyodhani. Wavuvi wa Viktoria wanajua habari ya nyavu za macho madogo na jinsi sato walivyopungua, na sisi hapa uvuvi ulifungwa mwaka 2001 ili ziwa lipumzike. Mweleze kwa lugha hiyo ya kazi yake, usimweleze kama mtu asiyejua maji.

Mwana wa Visiwani (St. Louis)

Nawashukuru nyote kwa moyo. Nimebadilisha mpango: tutaingia Two Rivers, tutatokea Powder Mill, na mitumbwi itakuwa miwili, binti akikaa nami. Nimemsomea mzee maneno ya Jirani wa Ziwa, naye akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: samaki huyu huchukua muda gani kukua? Pia naomba kujua habari za leseni, na tufanye nini kama majani yatajaa majini.

Kafi na Mshipi (Columbia, Missouri)

Swali la mzee ndilo hasa. Katika mito hii ya Ozarks, yaani vilima vya kusini mwa Missouri, yenye maji safi na baridi lakini chakula cha kiasi, besi mdomo mdogo huchukua miaka minne au mitano, wakati mwingine zaidi, kufika inchi 12. Sato wa ziwani hukua upesi zaidi, hawezi kulinganishwa naye. Kanuni ya jumla ya mitoni ni kwamba besi aliye chini ya inchi 12 arudishwe, na zipo sehemu zilizotengwa kwa ajili ya mdomo mdogo ambako kipimo ni kikubwa zaidi na idadi ni ndogo zaidi. Kijitabu cha kanuni cha Missouri Department of Conservation, idara ya uhifadhi ya jimbo, hutolewa bure kila mwaka. Kisome kwa sehemu yenu kabla ya kwenda. Binafsi huwarudisha mdomo mdogo wote. Kwa sufuria ya mzee, vueni yule samaki mfupi mnene mwenye macho makubwa mekundu, aitwaye goggle-eye, anayekaa chini ya mawe na magogo, ambaye ni mtamu sana akikaangwa, mradi naye afikie kipimo chake.

Leseni: binti hahitaji, kwa kuwa yuko chini ya miaka 16. Wewe unahitaji. Wakazi wa Missouri wenye miaka 65 na zaidi wamesamehewa, lakini mzee ni mgeni, kwa hiyo mkatie kibali cha siku. Nunua vyote mkiwa St. Louis, kwani bondeni mtandao wa simu haupatikani.

Majani yakijaa, acheni vyambo vyenye ndoano nyingi zilizo wazi. Vikeni ncha ya ndoano ndani ya mpira, na mvue kwenye maji yaliyo upande wa ndani wa mkondo, ambako majani hupita juu juu tu bila kuzama. Kama mvua kubwa ya kwanza itanyesha siku moja kabla na mto ukapanda ukiwa umejaa majani na matope, ahirisheni kwa siku mbili tatu. Maji yakianza kushuka na kusafika, samaki watakuwa na njaa.

Na mkifika Powder Mill mwanga ukiwa bado upo, mpelekeni mzee akaione Blue Spring, chemchemi ya buluu iliyo karibu na hapo, yenye kina kinachozidi futi 300.