Nyumba za zamani Ujiji: kabla hujavunja baraza uombe ruhusa kwa nani?

Mdau wa Ujiji
Habari za jioni wadau. Kuna nyumba ya familia moja huku kwetu Ujiji, nyumba ya kizamani, baraza mbele, ua nyuma, kuta za miti na udongo, na mlango wa nakshi wa mabawa mawili ambao mfaa wake, ule ubao wa katikati, una maua yamechongwa kuanzia juu mpaka chini. Sasa nasikia warithi wanataka kuvunja baraza wapige fremu nne za maduka, mageti ya shata, madirisha ya alminiamu, juu bati za msauzi. Wanafuata kibali cha ujenzi manispaa kama mtu yeyote. Swali langu, kibali cha nyumba kama hiyo kitoke hivihivi kama cha kibanda cha chipsi, au kuwe na kamati ya watu wanaojua majengo ya kale, waangalie kwanza nini kibadilike na nini kibaki? Maana mafundi wetu wa siku hizi wao kila kitu simenti, wakishaingia pale wiki moja tu hutajua kama kulikuwa na nyumba ya miaka mia.

Migebuka Mbichi
Nyumba ya babu yao, kiwanja cha babu yao, wewe kinakuwasha nini? Kibali wameomba, kodi ya jengo wanalipa. Kamati tena. Hapa Kigoma kila kitu kamati, halafu kamati inataka posho.

Mwisho wa Reli
Wengi hawajui ila sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya 1964, ikarekebishwa 1979. Jengo likiwa limejengwa kabla ya 1863 linalindwa moja kwa moja. La baada ya hapo mpaka waziri alitangaze. Ndo maana majengo mengi ya Mjerumani yako hewani, mtu anaweza kuamka asubuhi akatoboa. Hata stesheni yetu ile kubwa pale mwisho wa barabara ya Lumumba ilijengwa 1905, ukienda na hesabu ya 1863 haimo.

Bi Mkubwa Mwanga
1905 reli ilikuwa inaanza Dar, kaka. Tabora imefika 1912, Kigoma 1914. Tusipotoshe watoto.

Mwisho wa Reli
Haya 1914, ndo kwanza inazidi kuwa changa mbele ya sheria. Hoja iko palepale.

Fundi Sudi
Mdau wa Ujiji nataka unijibu wewe. "Mafundi wa siku hizi kila kitu simenti." Mimi nimejenga mji huu, Gungu, Mwanga, Bangwe, Katonga, nyumba zangu zimesimama na watu wanalala ndani na watoto wao. Unaongea kama mafundi tunavamia nyumba za watu usiku. Fundi anaitwa! Tajiri anakwambia nataka plasta, nataka tailizi, nataka ing'ae, wewe umwambie hapana mzee nyumba yako ni historia? Atakuacha pale getini aite mwingine. Mnakaa na simu zenu mnalaumu mtu ambaye mkono wake una malengelenge.

Mdau wa Ujiji
Fundi sijakutaja wewe.

Fundi Sudi
Umesema mafundi. Mimi ni nani, mvuvi?

Migebuka Mbichi
😂😂 mvuvi tena, msituingize na sisi

Bi Mkubwa Mwanga
Fundi Sudi, shikamoo yako iko palepale, lakini kuhusu simenti Mdau hajakosea. Nyumba ya udongo inavuta unyevu kutoka chini kila masika, na zamani ilikuwa inautoa kupitia ukuta kwa sababu ilipigwa udongo na chokaa, vitu vinavyopumua. Ukiipiga plasta ya simenti umeuziba. Maji yanapanda, hayana pa kutokea, udongo nyuma ya plasta unalainika. Nenda kaangalie nyumba yoyote ya udongo iliyopigwa simenti miaka kumi hivi iliyopita, angalia usawa wa goti. Gonga kwa kucha, inalia tupu. Siku moja kipande kizima kinabanduka na udongo wake, halafu fundi anaitwa aongeze simenti.

Fundi Sudi
Najua hayo dada yangu, usinifundishe ukuta. Usawa wa goti nauona kila siku ya Mungu. Sasa niambie chokaa hiyo ya kuzima mwenyewe kwenye shimo, ikae wiki kadhaa iive, naipata duka gani? Hardware zote hapa wana ile ya kupaka tu. Simenti ipo kila kona mpaka kwa muuza sukari. Na akikubali chokaa atanilipa siku ngapi? Simenti naplasta leo, wiki ijayo anapaka rangi. Chokaa tabaka la kwanza likauke, la pili likauke, jua likiwa kali ulinyunyizie maji lisipasuke. Tajiri anataka apangishe tarehe moja.

Binti wa Kasulu
Jamani hii mada ilikuwa ya kamati au ya plasta?

Unyanyembe Damu
Nawasalimu kutoka Tabora. Nyie Kigoma mnagombana wakati sisi huku tunatunza. Njooni Kwihara muone tembe la Livingstone, kilomita chache tu kutoka mjini, lipo na paa lake bapa la udongo, na makumbusho ndani. Serikali inalisimamia. Hakuna mtu anapiga fremu pale.

Mwisho wa Reli
Tembe lipi kaka? Lile lilijengwa upya enzi za Mwingereza, la mwanzo lilishabomoka. Mnatunza jengo ambalo Livingstone mwenyewe hajalala. Huku Ujiji ndo Stanley alimkuta 1871, chini ya mwembe.

Unyanyembe Damu
Na mwembe wenyewe ulikufa, iliyopo ni watoto wake 😂 Na mle ndani ya makumbusho yenu mna masanamu mawili ya makaratasi yanavuliana kofia. Hayo ndo historia?

Mwisho wa Reli
Watoto wa mwembe ni damu. Tembe lenu ni fotokopi.

Unyanyembe Damu
Fotokopi iliyojengwa kwa udongo uleule na ufundi uleule ina thamani kuliko ya asili iliyopigwa tailizi. Na nikukumbushe huyo Stanley kabla ya kuja kwenu alikaa kwetu kwanza, na Livingstone akaja kukaa hapahapa Kwihara 1872 mpaka alipopata wapagazi. Wapagazi waliotumwa na Stanley kutoka pwani. Ujiji mlikuwa mnapokea tu mizigo.

Babu Kibirizi
Vijana mnapigania wazungu wawili walioonana wakasalimiana. Wenye nyumba za Ujiji hawakuwa wazungu. Walikuwa Wamanyema, Waswahili wa pwani, Waarabu, Wajiji, watu wa pembe na watumwa, biashara mbaya sana ila ndiyo iliyojenga ule mji. Njia yote hiyo, Bagamoyo mpaka Ujiji, serikali iliipeleka UNESCO kwenye orodha ya kusubiria ya urithi wa dunia mwaka 2006, na Kwihara imo na Ujiji imo. Tunasubiri mpaka leo. Siku wakija kukagua mtawaonyesha nini, shata?

Migebuka Mbichi
Mzee shikamoo. Lakini UNESCO hailipi ada ya shule.

Babu Kibirizi
Marahaba. Hailipi.

Chuma Chakavu
Mimi naona mnaogopa mabadiliko bure. Angalieni MV Liemba. Imetengenezwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipandevipande, ikaunganishwa hapahapa Kigoma, 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, 1924 Mwingereza kaiibua, 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Baadaye injini ya mvuke ikatolewa ikawekwa ya dizeli. Imebadilishwa jina, injini, bendera, na bado kila mtu anaiita meli ya historia. Kwa nini nyumba isibadilishwe dirisha?

Bi Mkubwa Mwanga
Hii hoja nzuri na ndo maana inatakiwa kamati. Liemba walibadilisha cha ndani ili ifanye kazi, bodi ikabaki. Hakuna aliyekata ubavu akaweka duka la vocha. Nyumba nayo ni hivyohivyo. Weka umeme, choo cha ndani, jiko la kisasa, badilisha paa maana hata hayo mabati ya zamani siyo ya kwanza, mwanzoni yalikuwa makuti na nyasi. Lakini baraza, mlango, na ule mstari wa nyumba kukaa usawa mmoja na jirani, hivyo ndivyo mtaa. Ukivunja baraza moja umevunja mtaa mzima, wazee wanakaa wapi jioni?

Migebuka Mbichi
Kwenye fremu, wanunue soda.

Fundi Sudi
Bado sijajibiwa duka la chokaa.

Mpemba wa Ziwani
Kwetu Zanzibar kuna Mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985, huwezi kubadilisha hata dirisha bila wao kupitisha mchoro. Rangi wanakuuliza, bati wanakuuliza, mbao gani wanakuuliza. Na mji uko UNESCO tangu 2000.

Chuma Chakavu
Na Beit al Ajaib, lile jumba lenu la Mji Mkongwe, ilianguka Desemba 2020, tena ikiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafa. Mamlaka ilikuwepo, UNESCO ilikuwepo.

Mpemba wa Ziwani
Unaleta msiba kwenye utani. Jengo la 1883, lenye nguzo za chuma na mabaraza mazito vile, lilikaa miaka na miaka halijatengenezwa inavyotakiwa. Kuanguka kwake kunaonyesha kukagua bila hela ya kutengeneza ni kazi bure. Hakuonyeshi kwamba tusikague.

Binti wa Kasulu
Hapo umesema. Hela.

Mjukuu wa Nyumba
Nimekaa kimya nasoma. Mimi ni wa familia hiyo mnayoizungumzia, naomba mnisikilize. Nyumba ina warithi tisa, wawili wako Kongo, mmoja hajulikani alipo. Shangazi yetu ndiye anaishi ndani, ana sukari na presha. Mvua ikinyesha anahama chumba na godoro lake kichwani, maana bati limetoboka juu ya kitanda na lingine juu ya ukuta wa kaskazini, ukuta umeshaanza kutoa tumbo. Fremu nne zikipangishwa ndo dawa zake. Mnaosema baraza ni mtaa, nani kati yenu alishakuja na bati moja? Hata Mdau wa Ujiji anapita pale kila siku anapiga picha mlango, hajawahi kuuliza shangazi amekula nini.

Mdau wa Ujiji
Pole sana ndugu yangu kwa shangazi. Ila nilimpelekea dagaa mwezi uliopita, muulize.

Mjukuu wa Nyumba
Dagaa za Kibirizi haziezeki nyumba.

Migebuka Mbichi
Nilisema mimi tangu mwanzo.

Babu Kibirizi
Hukusema hivi. Ulisema posho.

Mwisho wa Reli
Mjukuu, mlango wenyewe mnaufanyaje? Huo una sheria yake peke yake. Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa nakshi ya Kiafrika au ya mashariki kabla ya 1940 ni kitu kinacholindwa, hata kama nyumba yenyewe haijatangazwa. Kuutoa nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Mjukuu wa Nyumba
Kuna mtu wa Dar ameshauona, kapiga bei. Bei yake inaezeka nyumba nzima na chenji inabaki. Nje ya nchi sijui, amesema ni wa hoteli.

Bi Mkubwa Mwanga
Hoteli ya wapi? Ndo ilivyo miaka yote, mlango unaondoka Ujiji na lori la mawese, unakwenda kusimama kwenye baa ya mtu ufukweni, mtalii anaambiwa ni wa Zanzibar.

Mpemba wa Ziwani
Zanzibar tunayo yetu, msitusingizie.

Chuma Chakavu
Kwa hiyo serikali inaulinda mlango lakini haimlindi mwenye mlango. Mzee wa kamati anakuja, anasema usivunje, anasaini kitabu cha wageni, anapanda bodaboda.

Bi Mkubwa Mwanga
Ndo maana nasema kamati isije mikono mitupu. Manispaa imsamehe kodi ya jengo mwenye nyumba ya namna hiyo. Mchoro wachorewe bure. Fremu zijengwe, lakini ziingie pembeni kwenye uchochoro ambako kuna uwazi, mbele pabaki. Nimepita pale, pembeni panatosha fremu mbili, labda tatu zikibanwa.

Mjukuu wa Nyumba
Pembeni ni njia ya maji ya masika. Mama, umepita kiangazi.

Fundi Sudi
Anasema kweli, pale maji yanapita, nimewahi kutengeneza choo cha jirani yao. Lakini mtaro ukichimbwa kwa nyuma ukazungushwa yanakwenda barabarani. Sio kazi kubwa. Na huo ukuta wa tumbo usiuguse kwa simenti kabisa, utegemezwe na mbao kwanza, bati lizibwe, ukauke, ndo uujaze udongo na fito. Bati kwanza! Mnagombania mlango na maji yanaingia juu. Na huyo wa Dar akija kung'oa, mwambie mlango hautoki kwa msumeno. Fremu yake imejengewa ndani ya ukuta, akiilazimisha pande la juu litashuka lote, na hapo ndo mtapata kiwanja kitupu bila kamati.

Mdau wa Ujiji
Fundi, ungeenda kuona?

Fundi Sudi
Nani analipa?

Binti wa Kasulu
😂😂😂

Mdau wa Ujiji
Tuchange. Mimi natoa bati mbili.

Unyanyembe Damu
Tabora tunatoa moja, muandike kwenye mlango kwamba ni ya Wanyamwezi.

Mwisho wa Reli
Halafu tukimaliza hili nataka tuongelee stesheni. Reli ya kisasa inakuja Kigoma, ile ya 1914 itafanywa nini, makumbusho au godauni?

Migebuka Mbichi
Ukumbi wa harusi.

Mjukuu wa Nyumba
Bati ni za geji gani? Shangazi hataki zile nyepesi, zinapiga kelele mvua ikinyesha.

Fundi Sudi
Geji ishirini na nane. Na kesho saa nne nitakuwa pale, Mdau uwepo, uje ushike ngazi. Na chokaa nani anajua inapouzwa?