Udzungwa kutoka Dodoma: unaona wanyama kweli au ni kupanda mlima tu?

Mtu_wa_Nkuhungu:
Wakuu habari za jioni. Nipo Dom, mimi na waifu na vijana wawili wa sekondari, likizo ya mwezi wa sita tunataka twende kuona wanyama. Waifu kang'ang'ania Udzungwa kwa sababu ya maporomoko ya Sanje, ila kijana mkubwa anasema kule hakuna simba hakuna lolote, ni kutembea tu porini mpaka magoti yagome. Aliyefika aniambie, ukikaa siku nzima unaona nini hasa? Na kwenda na kurudi siku moja inawezekana au najidanganya? Gari ninayo ila ndogo. Nawasilisha.

Zabibu_Mbichi:
Kwenda na kurudi siku moja? Mkuu Dom mpaka Moro tu ni zaidi ya kilometa 250, hapo bado Mikumi, bado ukate kushoto kwenda Kidatu ndio uitafute Mang'ula lilipo geti la hifadhi. Utafika jioni geti limefungwa mtazame mlima mkiwa barabarani. Lala Mang'ula, gesti zipo za kila bei.

Mama_Kibaoni:
Mtoa mada, mwambie kijana simba atawasahau kwa muda. Udzungwa hakuna barabara ya gari ndani ya hifadhi, kila kitu ni kwa mguu na unatembea na muongozaji, kwa hiyo usitegemee kukaa kwenye siti uoneshwe. Kule sikio ndio linaanza. Mnapanda kimya halafu juu mnasikia matawi yanapasuka, majani yanadondoka, muongozaji anasimama ananyoosha fimbo, na hapo ndio unamuona mbega mwekundu, tumbo jeupe, mgongo wa kijivu na ile kofia ya nywele nyekundu kichwani utadhani kapaka hina. Ukimwangalia vizuri na darubini hana kidole gumba, anashika tawi kwa vile vidole vinne vilivyojikunja kama ndoano na anaruka hivyohivyo na mtoto tumboni. Huyo mbega huwezi kumpata nje ya Udzungwa na misitu ya jirani yake hapo bonde la Kilombero, hata uwe na hela kiasi gani.

Mwingine ni ng'olaga, aina nyingine ya tumbili, wenyeji walikuwa wanamjua siku zote ila wanasayansi wamekuja kumtambua mwaka 1979. Huyu ni mgumu, anashinda chini anapekua majani makavu akitafuta mbegu na wadudu, mkipiga kelele amepotea. Vijana waambieni simu waweke sailenti na wasianze kurekodi video wakipayuka. Kuna pia mbega weusi, kima, nyani, na kinyesi cha tembo njiani mtakikuta, ingawa tembo mwenyewe bora msikutane naye kwenye kile kinjia.

Njia ya Sanje ni kama saa nne kwa mwendo wa familia. Maji yanaanguka mita 170 kwa ule mporomoko mrefu, na ukiwa pale juu unaona mashamba ya miwa yametandazwa bondeni mpaka macho yachoke. Sisi watu wa Dodoma tuliozoea mibuyu na vumbi, ule ubichi kidogo unatia wivu.

Dereva_Mstaafu:
Namuunga mkono mama hapo juu, ila tusimdharau kijana. Kama mnatokea Moro, lami inakatiza katikati ya hifadhi ya Mikumi kama kilometa 50, twiga, pundamilia, swala na mara nyingine tembo unawaona bure ukiwa ndani ya gari. Endesha taratibu, vibao vya faini ya kugonga wanyama viko pale na kila mnyama ana bei yake, twiga ataimaliza ada ya muhula mzima. Kama bajeti inaruhusu ongeza asubuhi moja mlale Mikumi muingie ndani, simba huyo atakuwa wa kijana na Sanje ya mama yake. Gari ndogo haina shida kufika Mang'ula. Au iache nyumbani, chukua treni ya mwendokasi mpaka Moro halafu Msamvu panda basi la Ifakara linapita Mang'ula hapohapo.

Mtu_wa_Nkuhungu:
Aisee nimewaelewa. Waifu kasoma comenti zote anacheka tu, kijana kanuna lakini kasikia habari ya Mikumi ameanza kulainika. Swali la mwisho, viatu gani na tubebe nini?

Mama_Kibaoni:
Raba yenye meno chini inatosha, zile za kutokea zisitolewe kule maana mawe ya karibu na maji yanateleza hata kiangazi. Kila mtu na maji yake na kitu cha kutafuna, koti la mvua jepesi, na kitambulisho cha NIDA mkononi ili mlipe bei ya raia, malipo ni kwa kontrolo namba sio keshi. Anzeni kupanda mapema, saa moja hivi, jua likishakuwa kali nyani wa aina zote wanatulia kivulini. Suruali chomekeni kwenye soksi. Siafu wa kule hawajali umetoka makao makuu.