Hannah Szenes alishapona, kwa nini alirudi Hungaria?

Mwanakwetu84: Habari zenu wakuu. Jana nimekesha nasoma habari za huyu dada, Myahudi wa Budapest, kazaliwa 1921, baba kafa yeye bado mdogo, 1939 akaondoka peke yake kwenda Palestina akasomea kilimo na ufugaji kule Nahalal, baadaye akawa anafua nguo na kupika kwenye kibbutz ya Sdot Yam (fikiria vijiji vyetu vya ujamaa). Sasa mtu kashafika salama, Machi 1944 anavaa sare za Waingereza anarushwa na mwavuli Yugoslavia ili apenye Hungaria. Nini kilimrudisha?

Bibi Tunu: Mwanangu, mama yake alibaki Budapest. Halafu akiwa bado porini na wapiganaji wa Yugoslavia, Machi hiyohiyo Wajerumani wakaiteka Hungaria, na kuanzia katikati ya Mei treni zikawa zinasomba Wayahudi kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, wiki nane tu zaidi ya watu 400,000. Wenzake waliona kuvuka sasa ni kujiua. Yeye akavuka.

Sele wa Tanga: Naongezea hapo kwa bibi. Alivuka Juni akadakwa palepale na askari wa Hungaria, redio ya kutumia taarifa ikapatikana, wakawa wanataka namba zake za siri. Wakampiga mpaka jino likatoka, kimya. Ndo wakamleta mama yake, na huyo mama mpaka siku hiyo anajua binti yuko Palestina shambani, anaingizwa chumbani anamkuta uso umevimba. Wakamwambia usiposema tunamuua mama yako unaona. Hakusema jamani. Baadaye wakawekwa jela moja, basi akawa anakata herufi kubwa za karatasi, anaweka dirishani moja moja, mama na wafungwa wengine wanasoma kutoka upande wa pili. Hapo kwenye herufi ndo nililia.

Mwanakwetu84: Dah. Bibi shikamoo, kuna mtu kaniambia huyu si askari, ni jasusi tu.

Bibi Tunu: Marahaba. Askari kabisa, aliandikishwa jeshi la anga la Waingereza. Wahungaria walimpiga risasi 7 Novemba 1944, miaka 23, akakataa kufungwa kitambaa machoni. 1950 mwili ukapelekwa Jerusalem, akazikwa Mlima Herzl pamoja na wanajeshi wengine. Mama yake alinusurika, naye akahamia Palestina kwa mwanawe wa kiume, akaishi mpaka 1992. Miaka 48 bila yule binti.