Tumbo linakaza, wiki ya 29

Zuhura 20:52
Shikamooni wakubwa. Shangazi Mwanaidi upo? Tumbo linakaza tangu alasiri. Linakaza, linaachia, linakaza tena. Leo siku ya sita tangu nitolewe kidole tumbo.

Shangazi Mwanaidi 20:54
Marahaba mwanangu, nipo. Kwa saa moja linakaza mara ngapi?

Zuhura 20:55
Sijahesabu. Nimepiga simu wodini, aliyepokea akasema ni Braxton Hicks tu, nipumzike. Hata mimba ina wiki ngapi hakuniuliza.

Baraka 20:57
Pole dada. Pengine ni kidonda. Nina diklofenaki zangu za mgongo, nikuletee?

Shangazi Mwanaidi 20:58
Baraka, hapana! Diklofenaki na ibuprofeni, mimba ikishapita wiki 20, zinaweza kusumbua figo za mtoto na kupunguza maji aliyomo. Anywe parasetamoli aliyoandikiwa, basi.

Shangazi Mwanaidi 21:01
Zuhura, Braxton Hicks ni daktari Mwingereza aliyeieleza mikazo hiyo mwaka 1872, ndiyo ikabeba jina lake. Sisi wakunga tunaiita uchungu wa uongo. Inakuja bila mpangilio, ukigeuka au ukinywa maji inapotea. Wengi wanaipata na haina neno. Ila mtu aliyepasuliwa tumbo juzijuzi haambiwi hivyo kwa simu bila kupimwa. Kidole tumbo kikivimba kinachokoza kizazi, na upasuaji wenyewe unakichokoza tena. Wiki ya kwanza ndiyo ya kuangaliwa kuliko zote.

Zuhura 21:03
Sasa nitajuaje kama ni kidonda au ni kizazi? Vyote viko hapohapo.

Shangazi Mwanaidi 21:06
Kwanza kakojoe, kibofu kikijaa nacho kinaleta mikazo. Kunywa maji bilauri mbili, kisha lala ubavu wa kushoto. Weka ncha za vidole juu ya kitovu. Kidonda kinauma mahali pamoja, hasa ukikohoa au ukiinuka. Kizazi kinakaza chote kwa pamoja. Kikikaza, bonyeza taratibu. Kikiwa kama ncha ya pua, mkazo mdogo. Kama kidevu, wa kati. Kama paji la uso, huo una nguvu. Hesabu tangu mkazo mmoja unapoanza hadi mwingine unapoanza, uandike. Ukiona damu au maji, usimalize hiyo saa, ondoka.

Salim 21:08
Shikamoo shangazi. Niko kazini, naomba ruhusa sasa hivi.

Mama 21:10
Njoo baba. Mimi nimekaa naye, nashika saa.

Zuhura 22:09
Mara 7 ndani ya saa moja. Kila mmoja kama sekunde 40. Kidevu, shangazi, na mmoja ulikuwa paji la uso. Damu hakuna, maji hakuna, mtoto anacheza. Lakini mgongo wa chini unauma, unakuja unaondoka.

Shangazi Mwanaidi 22:10
Nendeni hospitali. Umepumzika, umekunywa maji, na bado ni 7. Chukua karatasi za upasuaji na kadi ya kliniki.

Zuhura 22:12
Nikingoja asubuhi? Naogopa kufika nirudishwe tena na lile jibu la simu.

Dada Rehema 22:15
Zuhura mdogo wangu, usingoje. Nilingoja kwa mimba ya mwanangu Imani, wiki ya 31. Nilisema ni gesi, kesho nitaenda. Nafika, njia imeshafunguka sentimita 5. Sindano za kukomaza mapafu ya mtoto nilizotakiwa kupata ni mbili, zinapishana saa 24. Mimi niliwahi moja. Kile kiganja chake nakiona hadi leo, plasta iliyoshika sindano ya dripu ilikuwa kubwa kukizidi. Bora urudishwe nyumbani mara kumi.

Zuhura 22:16
Navaa.

Salim 23:41
Tumefika, wamempokea vizuri. Amefungwa mikanda miwili ya mashine tumboni, mmoja wa mapigo ya mtoto, mwingine wa mikazo. Mashine inaiona mikazo kweli, si hofu yake. Wamechukua mkojo.

Shangazi Mwanaidi 23:43
Shingo ya kizazi wamepima?

Salim 00:20
Ndiyo, kwa utrasaundi ya njia ya chini. Wamesema milimita 34, na imefunga.

Shangazi Mwanaidi 00:22
Alhamdulillah. Ingekuwa chini ya 25 ningekuwa na wasiwasi mkubwa. Kizazi kinakaza lakini mlango haujakubali. Zuhura, ulipopasuliwa uliwekewa mpira wa mkojo?

Zuhura 00:25
Siku mbili. Tangu utolewe nikikojoa panachoma. Nilidhani umenichubua tu, sikumwambia mtu.

Mama 00:26
Jamani mwanangu, na mimi nipo nyumba moja na wewe.

Zuhura 01:32
Majibu yametoka, mkojo una maambukizi. Wameniwekea dripu na antibayotiki ya mshipa. Sindano za mapafu hawajanipa, wanasema watarudia vipimo kwanza. Nina hofu na hilo.

Shangazi Mwanaidi 01:35
Wako sawa. Maambukizi ya mkojo peke yake yanatosha kukikazisha kizazi, sasa yanatibiwa. Sindano zile hazitolewi kwa kila mkazo, zinangoja dalili kwamba mtoto anakaribia kuja. Shingo ikianza kufupika au kufunguka watakupa, pamoja na dawa ya kutuliza kizazi siku mbili ili sindano zipate muda wa kufanya kazi. Upo mahali ambapo hayo yanawezekana saa yoyote.

Dada Rehema 01:36
Nipo macho nawe.

Zuhura 05:48
Saa iliyopita ni mara 2, na zote ncha ya pua. Wamerudia kupima, bado 34. Mtoto anapiga teke ule mkanda wa mashine, nesi anauweka sawa kila mara.

Mama 05:49
😭😭 Mjukuu wangu.

Shangazi Mwanaidi 05:53
Sasa ulale. Kabla hujaruhusiwa, kidonda kiangaliwe, na uulize antibayotiki utamaliza lini. Mkojo upimwe tena baada ya dozi. Homa ikifika 38, kidonda kikitoa usaha, mtoto akipunguza kucheza, au mikazo ikirudi vile, hupigi simu wodini. Unakwenda.

Zuhura 05:55
Sawa shangazi. Daktari wa upasuaji anapita saa tatu, Salim ameandika maswali yote.

Baraka 06:10
Ndiyo naamka. Nakuja kumpokea shemeji akapumzike.