Gari la kwanza lenye mbio kwa kijana wa Mtwara: Altezza, WRX, Mark X au Runx Z?

Chuno_Boy

Wakuu, salamu kutoka Mtwara. Nina miaka 25, leseni daraja D nimeipata mwaka juzi, na muda wote huo nimekuwa nikiendesha pikapu ya kazini. Sasa nataka gari langu. Mtanisamehe kwa IST, najua mnazipenda, ila mimi nataka kitu ambacho nikikiwasha asubuhi majirani wajue nimeamka.

Bajeti ni milioni 18, nikiuza na bodaboda inafika 20. Humo humo itoke bima na sevisi ya kwanza. Naishi mjini, kazi yangu ni Mikindani, na wikiendi nyingi nakwenda Tandahimba kwa bi mkubwa. Dar ni mara chache.

Nimebaki na manne. Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono, hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Subaru Impreza WRX ile ya wagoni. Mark X ya kwanza, GRX120, injini ya 2.5. Na kuna jamaa yangu ananisukumia Runx Z, anasema watu wanaidharau kwa umbo tu. Lipi linamfaa mtu wa huku kwetu? Halafu niagize Japani au nichukue la mkononi?

Wakala_Kurasini

Dogo, tuanze na kuagiza, maana hapo ndipo vijana wengi wanapokaa chini ghafla. Yote manne uliyotaja yana zaidi ya miaka 10. Ushuru wa forodha ni 25%. Ushuru wa bidhaa ni 5% kwa injini ya kuanzia cc 1001 hadi 2000, ikizidi hapo ni 10%, ndiyo maana Mark X inakula zaidi. Kwa umri huo kuna tozo ya uchakavu 30%. Juu ya vyote hivyo VAT 18%. Na havijumlishwi kama hesabu ya darasa la pili, kila kimoja kinapigwa juu ya kilichotangulia. Ukimaliza, kodi ya Altezza inakuwa karibu sawasawa na thamani yake ikiwa imefika bandarini. Gari la milioni 9 limeshakuwa 18, na hapo hujalipa bandari, hujanilipa mimi wakala wa kulitoa bandarini, wala hujapata namba.

Usije na ankara ya kuandikiwa bei ya chini ukadhani umewaweza TRA. Wana thamani zao kwenye mfumo. Ingia kwenye kikokotoo chao mtandaoni, weka modeli, mwaka na cc, utaona mwenyewe.

Kingine, siku hizi unagombania hayo magari na Wamarekani. Sheria yao inawaruhusu kuingiza gari likifikisha miaka 25, na Altezza za mwanzo ni za 1998. Kwa milioni 18 tafuta la mkononi, lenye namba za usajili za herufi C au D.

Sheli_ya_Mwisho

WRX. Mengine ni porojo.

Ukikuta kipande kisicho na lami kwenda huko kwa bi mkubwa, Altezza yako itakuwa inahesabu mashimo kwa tumbo. Subaru inavuta matairi yote manne, mvua ya Februari ikipiga wewe unapita na kuwapungia mkono. Na kama una akili kidogo, achana hata na Impreza, tafuta Forester XT ya SG5. Ni ukoo ule ule wa injini ya EJ20 yenye tabo, ile feni ya kusindilia hewa kwenye injini, ila gari limenyanyuka.

Kobe_wa_Lindi

Mazda RX-8 je?

Sheli_ya_Mwisho

Wewe toka.

Fundi_Magomeni

Nipo hapa hapa Mtwara na nitasema ya gereji.

Sheli_ya_Mwisho kuhusu barabara hajadanganya. Shida ya WRX ni maisha ambayo gari limepitia mpaka linakufikia wewe. Injini hiyo ilipangiwa petroli ya kwao ya daraja la juu, hai-oku, oktani 100. Sheli zetu huku zina pampu moja ya petroli, basi. Ukiendesha kistaarabu kompyuta inajirekebisha. Ukilikanyaga kwenye joto la Januari, na presha ya tabo imeshachezewa na mwenye gari aliyepita, injini inaanza kugonga, na ikigonga hivyo pistoni zinameguka kwenye kingo zinazoshika ringi. Taimingi belti mwisho wake ni kilomita 100,000. Ikikatika, vavu na pistoni vinakutana. Sasa muulize muuzaji belti ilibadilishwa lini, usikilize atakavyoanza kukohoa. Bado injini yenyewe ni ya silinda za kulala, plagi ziko ubavuni, umebanwa na betri upande huu na chupa ya maji upande ule. Si gari baya. Ila linataka mtu mwenye akiba ya injini nyingine.

Mark X ni sofa. Ina nguvu, farasi 215, ina cheni badala ya taimingi belti, gia otomatiki sita, matairi ya nyuma ndiyo yanasukuma. Petroli inapulizwa ndani ya silinda moja kwa moja, haioshi vavu za kuingizia hewa, kwa hiyo masizi yanajikusanya pale. Dalili yake gari linatetemeka asubuhi likinguruma bila kukanyagwa. Linasafishika. Lakini wewe umesema unataka kuendesha, hukusema unataka kukaa.

Altezza hapo ndipo vijana mnauziwa mbuzi kwenye gunia. Kuna mbili. SXE10 ndiyo RS200, injini 3S-GE, silinda nne, farasi 210 ikiwa ya gia za mkono. GXE10 ni AS200, injini 1G-FE, silinda sita, farasi 160. Madalali zote wanaziita RS. Usitazame nembo ya nyuma, nembo inauzwa dukani. Fungua boneti, soma kibati cha utambulisho, kisha kilinganishe na chesisi iliyogongwa kwenye bodi na kwenye kadi. AS200 ni ya polepole, ila injini yake imo kwenye Mark II GX110 na Verossa, spea zimejaa. Ile 3S-GE ya RS200 haimo kwenye gari jingine. Kitu kikiharibika unapiga simu kwa wauza spea wa Dar, Ilala na Gerezani, na unasubiri.

Na kusubiri kwa huku si kama kusubiri kwa mtu wa Tabata. Siku ya kawaida spea inapandishwa basi Dar, kesho yake unaichukua stendi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara maeneo ya Somanga, magari yalikaa kwangu juu ya mawe mpaka wateja wakazoea kunijia kwa miguu.

Runx Z sasa. Injini 2ZZ-GE, cc 1800 bila tabo, farasi 190, gia sita. Chini ya mizunguko 6,000 ni Corolla ya mwalimu. Ukipita hapo kemu, ule mhimili unaofungua vavu, inabadilika na sauti inabadilika, utacheka peke yako ndani ya gari. Ina cheni. Shokapu, bushi, taa, boljointi, vyote ni vya Corolla za kawaida, vingi utavipata bila kutoka Mtwara. Angalizo ni mawili: usiruhusu oili ishuke kwenye kijiti, na chesisi ianze na ZZE123. Ikianza na NZE121 hiyo ni 1.5 imevalishwa bodikiti.

Sheli_ya_Mwisho

Fundi unamkatisha tamaa mtoto wa watu. Mimi natumia Forester XT Kilwa–Dar mwaka wa ngapi huu, tabo haijaguswa, belti imebadilishwa kwa wakati, na haijawahi kuniacha njiani.

Fundi_Magomeni

Kwa sababu ni lako na unalitunza. Yeye utamuuzia lako? Ataletewa la mtu asiyemjua.

Sheli_ya_Mwisho

Hapo sawa.

Dada_wa_Bima

Mdogo wangu Chuno_Boy, nguvu za injini wameziongelea vya kutosha. Bima ndogo ni 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT, na hiyo inamlipa uliyemgonga, wewe utabaki na mabati yako. Kwa gari la kukanyaga kata bima kubwa. Kabla ya kusaini, soma kipengele cha dereva kijana au mwenye leseni changa: mara nyingi unachangia zaidi kwenye kila ajali. Na ukibadilisha injini au ukaongeza tabo bila kuwaambia, siku ya kudai utaulizwa maswali usiyoyapenda.

Halafu jambo la kike kidogo. Hilo la matairi ya nyuma kusukuma usilijaribie kwenye mteremko wa Mikindani siku ya mvua ya kwanza, lami ikiwa na vumbi na mafuta ya malori ya makaa. Nimeshajaza fomu nyingi za pale. Matairi mapya manne ya maana yawe ya kwanza kwenye bajeti, redio baadaye.

Kobe_wa_Lindi

Redio yenyewe ya Japani inaishia 90 FM, utasikia mawimbi ya bahari tu 😂

Chuno_Boy

Shikamoo zenu wote. Fundi umenivuruga. Nimepata Altezza, ipo Dar, namba D, muuzaji anaapa ni SXE10, anataka 16 na anasema maneno yapo. Picha ni kali mno. Nikienda kuiona nitazame nini?

Fundi_Magomeni

Marahaba. Mwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika shika boneti, ikiwa ya moto ameshaipasha ili kuficha kitu. Iwashe mwenyewe, mtu asimame nyuma aangalie ekzosi: moshi wa bluu ni oili, mweupe usioisha ni maji. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta kitu kama uji wa ulezi uliotiwa maziwa, aga uondoke.

Tazama vioo vyote, kila kimoja kina chapa pembeni. Kimoja kikiwa cha kampuni tofauti, uliza kilivunjwa na nini. Inua zulia la buti, toa tairi la spea, papasa shimo lake kwa mkono: bati lililonyooshwa lina mawimbi, na putti haina sauti ya bati ukiigonga. Kisha lala chini kabisa utazame mabega ya chesisi. Gari lililoishi karibu na bahari linaoza kwa chini huku juu linang'aa. Klachi, panda kilima na gia ya tatu ukikanyaga: injini ikilia bila gari kuongeza mwendo, klachi imekwisha.

Namba yake iingize kwenye mfumo wa polisi uone faini za trafiki, deni linakwenda na gari. Kama aliagiza mwenyewe, aje na karatasi ya mnada wa Japani. Ikiandikwa R, liliwahi kugongwa huko kwao likatengenezwa, na hapo 16 si bei.

Mmasasi_Halisi

Wakuu nimekuwa nasoma kimya. Nina Runx Z hapa Masasi, ya 2003, gia sita, ZZE123 kama fundi alivyosema, kadi jina langu. Mimi ni mwalimu kweli, fundi usicheke. Nauza kwa sababu ya watoto, viti vya nyuma havinitoshi tena. Kasoro zipo: ubavu wa kushoto una mkwaruzo wa baiskeli, AC inapoza ikipenda, na bushi za mbele zinagonga kwenye vumbi. 13 na nusu.

Chuno_Boy

Mwalimu nakuja inboksi. Jumamosi nitakuwa Tandahimba, naweza kuzungukia Newala nikateremkia kwako. Fundi, ukiwa na nafasi twende wote, nauli na chakula juu yangu.

Fundi_Magomeni

Twende. Mwalimu, usiiwashe mpaka tufike.