Filamu ipi ya makala inaonyesha vizuri maisha ya asili ya Wainuit?

Mwalimu_Jio: Wadau, kidato cha tatu wanasoma kuhusu Wainuit, wenyeji wa Aktiki, nchi za baridi kali za kaskazini. Nina projekta na saa moja na nusu tu. Wengi wanataja Nanook of the North ya 1922. Niichukue hiyo, au kuna bora zaidi?

Mzee wa Sinema: Ni muhimu sana katika historia ya sinema, lakini usiwaonyeshe bila kuwaeleza. Mengi humo Robert Flaherty aliyapanga. Huyo "Nanook", mhusika mkuu, jina lake halisi ni Allakariallak, na wanawake wanaoonekana kama wake zake hawakuwa wake zake. Wainuit wa eneo la Inukjuak, Kanada, ilikopigwa filamu, walishazoea bunduki, Flaherty akataka wawinde kwa chusa. Iglu, yaani nyumba ya theluji, ya kupigia picha za ndani ilijengwa kubwa kupita kawaida na kuachwa wazi upande mmoja ili mwanga uingie. Gharama zililipwa na Revillon Frères, kampuni ya biashara ya manyoya.

binti_pwani: Mimi nasimama na mfululizo wa filamu kuhusu Netsilik, kundi mojawapo la Wainuit, uliopigwa Pelly Bay, Kanada, 1963 hadi 1965, na mwanaanthropolojia Asen Balikci akiwemo. Nao ni maigizo ya maisha ya zamani, ila walioigiza bado walizijua kazi zile kwa mikono yao. Hauna msimulizi. Tazama uvuvi: wanapanga mawe kukatiza mto, samaki wakishajaa ndani wanaume wanaingia kwenye maji yale ya baridi na mikuki yao, wanachoma mmoja baada ya mwingine. Aliyekulia karibu na uzio wa kuvulia ataelewa papo hapo.

Kasuku77: Na Wainuit wenyewe mbona hamwataji? Zote mbili zimeongozwa na wageni! Angry Inuk (2016) ni ya Alethea Arnaquq-Baril, Muinuit wa mji wa Iqaluit, Kanada. Anaonyesha marufuku ya Ulaya ya mwaka 2009 kwa bidhaa za sili, mnyama wa baharini, ilivyoangusha soko la ngozi, ingawa Wainuit walisamehewa kisheria. Humo sili ni chakula cha leo na pesa ya matumizi ya leo.

Mzee wa Sinema: Hapo umenena, Kasuku. Mwalimu, damu ipo, waandae wanafunzi.

Mwalimu_Jio: Basi uvuvi wa Netsilik kwanza, halafu Angry Inuk hadi muda uishe. Netsilik naipata wapi?

binti_pwani: Bodi ya Filamu ya Taifa ya Kanada ilishiriki kuitengeneza. Anzia kwenye tovuti yao, mwalimu.