Malengo ya kutoa baada ya chuo: asilimia ngapi, na ihesabiwe kabla au baada ya makato?

Mwaka_wa_Tatu
Wakuu habari za jioni. Tuko wanane, mwaka wa mwisho, hapa Mtwara mjini. Kabla hatujatawanyika kila mmoja anataka aandike lengo lake la kusaidia watu akishapata kipato: kiasi gani, kwa nani, kuanzia lini. Tumekwama. Wengine wanataka 10% ya mshahara, wengine wanataka shilingi kamili, mfano 50,000 kila mwezi. Halafu hatuelewani kama hela ya kumtumia mama kijijini nayo ihesabiwe humo. Wawili kati yetu hawategemei ajira, wanarudi kwenye mikorosho ya nyumbani, mmoja Newala na mwingine Ruangwa. Naomba hesabu, mawaidha tunayo ya kutosha.

Mhasibu_Shangani
Hesabu hii hapa. Chukua mshahara wa serikalini wa 700,000 kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo, yaani aliyesoma chuo kwa mkopo wa serikali:

PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) 5% = 35,000
Bima ya afya 3% = 21,000
Bodi ya Mikopo 15% = 105,000
PAYE, yaani kodi ya mshahara (inakatwa kwenye 665,000, baada ya kutoa PSSSF) = 49,000

Jumla 210,000, mkononi 490,000. Chama cha wafanyakazi sijakigusa. Sasa 10% ya mshahara ghafi ni 70,000, wakati 10% ya kinachoingia benki ni 49,000. Tofauti ya 21,000 kila mwezi ndiyo inayoua ahadi mwezi wa tano. Andikeni asilimia ya kinachoingia mkononi, tena msianze na 10. Anzeni na 3%, ambayo hapo ni 14,700, mpande 1% kila mwaka. Deni la Bodi likiisha ile 105,000 inarudi kwenu, siku hiyo rukeni moja kwa moja hadi 10.

Shilingi kamili ina kasoro pande zote mbili: kipato kikipanda inabaki ndogo, kikishuka inakuwa mzigo. Na jihadharini na mkopo wa mshahara. Kisheria unatakiwa ubaki na theluthi moja, kwa hiyo kwenye 700,000 unaweza kubaki na 233,000 hivi. Aliyeahidi 70,000 hapo anatoa karibu 30% ya anachokula. Hafiki Juni.

Tarehe ya kuanza iwe mshahara wa nne. Mitatu ya kwanza ni ya kodi ya chumba, godoro na jiko, tusidanganyane.

Mwaka_wa_Tatu
Shukrani mkuu. Sasa hivi tukiwa na boom tu (ile posho ya kujikimu ya mkopo) je?

Mhasibu_Shangani
Boom la siku 60 kwa 10,000 kwa siku ni 600,000. 1% ni 6,000, inatosha kwa mazoezi. Kuna taasisi ilianzia Oxford, Uingereza, mwaka 2009, inaitwa Giving What We Can. Watu wake huahidi 10% ya kipato, ila anayejaribu anaruhusiwa kuanzia 1%. Muhimu hiyo 6,000 itoke siku boom linapoingia, iende laini nyingine ya simu au kwa mtunza hazina wenu. Ukisubiri kitakachobaki, hakibaki.

Mkorosho_Mkubwa
Kwa hao wawili wa korosho, asilimia ya mwezi haina maana, hela inakuja kwa mkupuo baada ya minada, kuanzia Oktoba hivi. Waandike kwa kilo: kilo 3 katika kila kilo 100 zilizopokelewa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), baada ya kuondoa gharama za palizi, kupuliza dawa na vibarua wa kuokota. Bei ikipanda au ikianguka, uwiano wa kilo ni uleule.

Ila wasitoe wala kuahidi mtu kwa jina kabla fedha haijaingia akaunti. Msimu wa 2018/19 serikali ilinunua kwa 3,300 kwa kilo na wakulima wengi walisubiri malipo miezi. Aliyeahidi kwa stakabadhi ya ghala (risiti ya mzigo uliopokelewa ghalani) aliaibika bure.

Jambo la pili ni wakati. Novemba na Desemba kila mtu huku ana hela na kila mtu ni mkarimu. Shida inakuja kuanzia Januari hadi Machi, kifuku (msimu wa mvua) kimeshika, ghala tupu, shule zimefunguliwa. Fungu litengwe Novemba, litoke Januari. Katikati hapo lisikae mfukoni, maana michango ya harusi italimaliza.

Bi_Mikindani
Hilo la mama, mwanangu, litenganishe kabisa. Kwa Muislamu zaka haipewi wazazi wala watoto, kwa sababu kuwatunza ni wajibu wako tayari. Kaka, dada, shangazi, mjomba wakiwa na dhiki wanapewa, na sadaka kwa ndugu ndiyo bora zaidi. Zaka yenyewe ni 2.5% ya mali iliyotimiza mwaka wa Kiislamu na kufika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu. Mwenye mshahara wa juzi wengi hawafiki huko. Na kwa madhehebu ya Shafi, korosho si chakula kikuu kinachowekwa akiba kama mpunga au mtama, haina zaka ya mazao. Fedha yake ikikaa mwaka ndiyo inaingia hesabuni. Muulize na shehe wako.

Kwa hiyo andikeni mafungu matatu: wazazi, michango ya jamii (harusi, misiba, unyago), na misaada. Mkichanganya, hili la mwisho ndilo linaloliwa kwanza.

Mwalimu_Masasi
Kuhusu nani apewe: msiandike "kumlipia mtoto ada ya sekondari". Shule za serikali hazina ada kidato cha 1 hadi cha 4 tangu 2016, na cha 5 na 6 tangu 2022. Kinachowakwamisha watoto ni sare, viatu, madaftari, taulo za kike na mchango wa chakula. Nenda kwa mwalimu mkuu, omba orodha ya vilivyopungua na saizi, ununue vitu vyenyewe. Mashati yaliyonunuliwa kwa kukisia hurudi kabatini.

Na asiye na hela ana damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha kanda hapa Mtwara. Uwe na miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, na usije na njaa.

Mwaka_wa_Tatu
Nimeandika hivi, nikosoeni: "Kuanzia mshahara wa 4, 3% ya kinachoingia benki, siku hiyohiyo, akaunti ya pembeni. Januari: sare na madaftari, shule moja. Kila mwaka +1%. Damu mara nne kwa mwaka."

Mwalimu_Masasi
Iko sawa. Ila kama wewe ni mwanamke, damu ni mara tatu, kila baada ya miezi minne. Mara nne ni za wanaume.